STELINGI HAFI; NA MLINZI WA GETINI JE?



 Tunapenda kuitumia nafasi tuliyopewa katika jarida letu kuzungumzia jambo lililomo ndani ya nyumba zetu karibu kila usiku. Jambo hilo ni picha za mapigano na picha za ujambazi.

Tuseme mapema ili tusieleweke vibaya. Hatukukaa hapa kutoa fatwa. Hukumu ya kuangalia picha, ya muziki uliomo na ya mavazi ya waigizaji tunawaachia masheikh na walimu wetu, ambao wameyasomea hayo. Sisi ni watazamaji wa kawaida: wale wanaolipa kiingilio kwenye kibanda umiza, wanaoazimana flashi, wanaokaa mkekani kwa jirani mwenye king'amuzi, na siku hizi wanaoangalia kwenye simu mpaka chaji inakwisha. Mtu aliyenunua kitumbua ana haki ya kusema kwamba kitumbua hiki ni kibichi katikati. Nasi tumezilipia picha hizi kwa fedha na kwa usingizi wetu, basi tuna haki ya kusema.

KINACHOTUVUTA

Haina maana kuwaambia vijana kwamba picha hizi ni mbaya tangu mwanzo hadi mwisho. Wenyewe wanajua si kweli, na ukisha kusema jambo usilolijua hawatakusikiliza tena. Ufundi mkubwa umo. Chukueni John Wick, iliyotoka mwaka 2014. Mwongozaji wake, Chad Stahelski, zamani alikuwa akimwigizia Keanu Reeves sehemu za hatari katika The Matrix ya mwaka 1999. Anajua mwili wa binadamu unavyoanguka, na ndiyo maana mapigano yake yanaonekana wazi: kamera inatulia na tunaona nani kampiga nani. Chukueni Extraction ya mwaka 2020, ambayo mwongozaji wake, Sam Hargrave, naye alitoka katika kazi hiyo hiyo. Mna sehemu ya dakika zipatazo 12 ya kukimbizana na kupigana inayoonekana kana kwamba kamera haikuzimwa hata mara moja. Kazi ya namna hiyo inataka mazoezi, nidhamu na subira. Mwanafunzi anayechoka kuirudia sura moja mara kumi ana la kujifunza hapo.

Tena tunazipenda kwa sababu dhalimu anaadhibiwa. Mtu aliyeona mnyonge akinyang'anywa haki yake mtaani, akimwona dhalimu anapigwa kwenye runinga, moyo wake unapoa. Hamu hiyo ya haki si mbaya, bali ni katika maumbile mema ya binadamu. Swali letu ni moja tu: picha hizi zinaifanyia nini hamu hiyo?

HESABU YA RISASI

Tuanze na makosa madogo, yale ambayo hata mtoto wa darasa la sita anaweza kuyakamata kwa hesabu alizofundishwa.

Bunduki aina ya AK-47 hufyatua takriban risasi 600 kwa dakika, yaani risasi 10 kwa sekunde. Magazini yake ya kawaida huchukua risasi 30. Basi mtu akibonyeza bila kuachia, magazini imekwisha kwa sekunde tatu. Hesabuni sasa stelingi wenu anafyatua kwa sekunde ngapi kabla ya kubadilisha. Kwa haki, John Wick ni katika picha chache ambazo stelingi wake huishiwa risasi na kubadilisha magazini mbele ya macho yetu. Lakini sehemu yake ya pili, ya mwaka 2017, inatuonyesha watu wawili wakipigana risasi ndani ya kituo cha treni kilichojaa abiria, kwa bastola zenye vizuia sauti, na hakuna abiria anayegeuka. Kizuia sauti hupunguza mlio, hakiufanyi uwe mnong'ono.

Gari nalo likipigwa risasi ya kawaida kwenye tangi la mafuta halilipuki kama fataki. Na mtu aliyepigwa kitako cha bastola kichwani akapoteza fahamu haamki baada ya nusu saa akatikisa shingo na kuendelea na safari. Huyo ni mgonjwa wa kukimbizwa hospitali, kwa sababu ubongo umetikiswa. Tunayataja haya si kwa ajili ya kuchekesha. Yupo kijana anayeamini kwamba kumpiga mwenzake na chuma kichwani ni kumlaza usingizi kidogo tu.

MLINZI WA GETINI

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe lililotusukuma kuandika.

Katika picha nyingi za aina hii stelingi ana nyumba ya kuingia. Ndani yumo adui mkubwa. Getini yupo mlinzi. Hatujui jina lake, hatujui ana watoto wangapi, hatujui kama anajua bosi wake anafanya kazi gani. Stelingi anatokea nyuma, anamvunja shingo au anampiga risasi moja, anamburuta pembeni, picha inaendelea. Sisi tuliokaa mkekani tunasema, "Kala!" na kuendelea kutafuna karanga.

Katika John Wick ya kwanza, waliokaa kuhesabu wanasema waliouawa na stelingi ni zaidi ya 70. Sababu ya vifo vyote hivyo ni nini? Mtoto wa bosi wa majambazi alimwibia stelingi gari na kumuua mbwa wake, ambaye ni zawadi aliyoachiwa na marehemu mkewe. Tunakubali kwamba aliumizwa. Mbwa naye ni kiumbe wa Mwenyezi Mungu, na kumuua bure ni dhulma. Lakini aliyefanya dhulma hiyo ni kijana mmoja na wenzake wawili watatu. Waliobaki walikufa kwa kuwa walikuwa kazini usiku ule.

Ndugu wasomaji, tuangaliane. Ni wangapi kati yetu ambao baba zao, ami zao au wajomba zao ni walinzi? Katika miji yetu ya pwani kazi hiyo imelisha nyumba nyingi. Mzee anaondoka baada ya Magharibi na koti lake zito, tochi, rungu na chupa ya chai. Anakaa nje ya duka la mtu mwingine kulinda mali ambayo yeye hana hata robo yake. Ujambazi unapotokea, yeye ndiye wa kwanza kukutana nao. Huyo ndiye mlinzi wa getini. Kwenye picha ni yule aliyeanguka dakika ya kumi na tukasema "Kala!" Kwetu ni mtu ambaye alfajiri mlango ukigongwa tunasema Alhamdulillah, amerudi.

Dini yetu imetufundisha uzito wa nafsi moja isiyo na hatia kuwa ni kama uzito wa watu wote. Hatuhitaji kuieleza zaidi, kila aliyepita madrasa ameisikia. Tunachosema ni kwamba haiwezekani asubuhi tujifunze uzito huo, na usiku tujizoeze kucheka nafsi sabini zikienda bila hata moja kuulizwa jina. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Huruma nayo huisha vivyo hivyo, kidogo kidogo, mwenyewe hana habari.

HAKUNA KADHI, HAKUNA HAKIMU

Kasoro ya pili ni kwamba picha hizi hazina mahakama. Stelingi ndiye polisi, ndiye shahidi, ndiye hakimu na ndiye mnyongaji.

Angalieni Taken ya mwaka 2008. Binti anatekwa Paris, na baba yake, mpelelezi mstaafu, anakwenda kumtafuta. Hakuna mzazi asiyeguswa na kisa hicho. Lakini tazameni anavyomtafuta. Anamfunga mtu kwenye kiti na kumtia umeme. Yule anapokwisha kusema kila kitu, baba anauacha umeme ukiwaka, anaondoka zake. Katika nyumba ya rafiki yake wa zamani anampiga risasi ya mkono mke wa rafiki huyo, mwanamke asiye na kosa, aliyemwandalia chakula, ili tu mumewe aseme. Picha haimlaumu hata kidogo. Kisha ikatoka sehemu ya pili mwaka 2012, na ndani yake mzee mmoja anataka kulipa kisasi kwa mwanawe aliyekufa kwenye kiti kile cha umeme. Mzee huyo ni adui wa picha. Basi baba mwenye uchungu wa mwanawe katika picha ya kwanza ni stelingi, na baba mwenye uchungu wa mwanawe katika picha ya pili ni shetani. Tofauti yao ni nini, kama si kwamba kamera ilimfuata mmoja na haikumfuata mwingine?

Sisi tunafundishwa kwamba kadhi asihukumu kabla ya kusikiliza pande zote mbili, na kwamba mtuhumiwa hana hatia mpaka ushahidi upatikane. Sheria za nchi zetu nazo zinasema hivyo. Lakini mitaani kwetu ikipigwa kelele ya "Mwizi!" ni wangapi wanaouliza aliyepiga kelele ni nani na ameona nini? Mawe yanaokotwa kwanza, tairi linatafutwa, maswali yanakuja baadaye mbele ya maiti. Hatusemi kwamba picha ndizo zilizoleta ukatili huo, kwani ulikuwepo kabla ya runinga. Tunasema kwamba kijana aliyezoea kuona jambazi anatambulika kwa sura yake, kovu lake na miwani yake, hatoona ugumu wowote kumtambua "jambazi" kwa sura tu kijiweni kwake.

SURA YETU KATIKA KIOO CHA WATU

Jambo la tatu linatuhusu kama Waislamu, ingawa halituhusu sisi peke yetu. Msomi wa Marekani, Jack Shaheen, ambaye mwenyewe alikuwa Mkristo mwenye asili ya Lebanon, aliandika mwaka 2001 kitabu kilichochunguza zaidi ya filamu 900 za Hollywood zenye Waarabu ndani yake. Zilizowaonyesha kama binadamu wa kawaida zilikuwa chache mno. Wengi wa waliobaki ni magaidi, matajiri wapumbavu au wanunuzi wa wanawake. Mkikumbuka, hata binti wa Taken mwishowe anakutwa kwenye jahazi la kifahari la sheikh wa Kiarabu.

Mwaka huo huo wa 2001 ilitoka Black Hawk Down, kuhusu mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Ilipigwa Morocco, na Wasomali wake waliigizwa na watu wasio Wasomali. Mwisho wa picha majina ya askari wa Marekani waliokufa yanaandikwa moja moja, jambo la heshima kwa marehemu. Wasomali waliokufa, ambao ni wengi zaidi, wanatajwa kwa idadi. Hapo ndipo tunapomkuta tena mlinzi wetu wa getini, safari hii ni mji mzima.

Extraction tuliyoisifu kwa ufundi ina kasoro hiyo hiyo. Kisa chake kiko Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, lakini sehemu kubwa ilipigwa India na Thailand, na mji wote umepakwa rangi ya manjano kana kwamba jua la huko lina ugonjwa. Mamilioni ya watu wa Dhaka wanaosali, wanaosoma na wanaofanya biashara hawaonekani. Wanaoonekana ni polisi wanaoanguka kwa makumi na watoto wa mitaani waliopewa silaha. Na msidhani ni Wamarekani peke yao. Animal ya India, ya mwaka 2023, ina dakika 201, na ilikuwa katika picha zilizoingiza fedha nyingi sana nchini mwake mwaka huo. Adui wake mkubwa ni Muislamu ambaye anamuua mtu kikatili siku ya harusi yake mwenyewe, harusi ya tatu. Wapenzi wa picha za Kihindi tulio wengi katika pwani hii tunapaswa kujiuliza, katika dakika zote 201 haikupatikana dakika moja ya kumwonyesha Muislamu wa kawaida?

Hata hivyo uadilifu hauchagui. Tukidai Muislamu asichafuliwe, basi tudai vilevile kwa Mmeksiko anayeonyeshwa daima kuwa muuza unga, kwa Mrusi anayeonyeshwa daima kuwa jambazi, na kwa Mwafrika anayeonyeshwa daima na panga mkononi. Anayedai haki kwa jamaa zake tu hajaidai haki, ameutetea ukoo.

PICHA ZILIZOJARIBU KUSEMA KWELI

Wala si zote ziko hivyo. Captain Phillips ya mwaka 2013 inasimulia kutekwa kwa meli ya Maersk Alabama Aprili 2009, meli iliyokuwa inakuja Mombasa ikiwa na chakula cha msaada. Mkuu wa maharamia ameigizwa na Barkhad Abdi, Msomali aliyezaliwa Mogadishu. Picha haimtetei kwa uharamia wake, lakini inamwacha aseme kwamba meli kubwa za kigeni zilimaliza samaki katika bahari yao. Tunamwona ana njaa, ana woga, ana mabosi wanaomsukuma. Wenzake watatu wanapopigwa risasi na wadunguzi wa jeshi la wanamaji, ukumbi haushangilii, unanyamaza. Hata hiyo si kamili, kwani baadhi ya mabaharia wa meli ile walilalamika kwamba nahodha wao alifanywa shujaa kuliko alivyokuwa. Lakini ilijaribu.

Na jirani zetu wa Kenya walitoa Nairobi Half Life mwaka 2012, iliyoongozwa na David Tosh Gitonga. Kijana anaitwa Mwas, anatoka kijijini kwenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza anaibiwa, kisha anajikuta rumande, na mwishowe yumo katika kundi la wezi wa vifaa vya magari. Ujambazi pale hauna suti wala muziki mtamu. Una uchafu, polisi wala rushwa, na marafiki wanaokufa kama kuku. Mwenye kuitazama hatamani kuwa wao, anatamani wangepata kazi. Hiyo ndiyo tofauti tunayoitafuta.

"NI MCHEZO TU"

Tunajua jibu la wengi: ni mchezo tu, hakuna anayekufa kweli. Tunaukubali ukweli uliomo, lakini hata hapo mchezo una gharama. Mwaka 1993 mwigizaji Brandon Lee aliuawa kwa bastola ya mchezo wakati wa kupiga picha ya The Crow. Oktoba 2021 mpiga picha Halyna Hutchins, mama wa mtoto mmoja, aliuawa kwa risasi ya kweli kutoka bastola iliyodhaniwa haina madhara, katika matayarisho ya picha ya Rust. Silaha haijui kama tunacheza.

Wala hatudai kwamba kila anayeangalia ujambazi huwa jambazi. Makundi ya vijana yaliyoitwa Panya Road yalipoitia hofu Dar es Salaam, Januari 2015 na tena Septemba 2022, sababu zake zilikuwa nyingi, na kuzibebesha filamu mzigo wote ni kukwepa kazi. Lakini waliojeruhiwa na kuuawa kwa mapanga walikuwa na majina, na mazishi yao hayakuwa na sehemu ya pili.

TUFANYE NINI?

Kwa upande wetu tunapendekeza haya machache:

1. Tuheshimu umri. Marekani yenyewe haimruhusu mwenye umri chini ya miaka 17 kuingia kuona John Wick bila mzazi au mlezi, na Animal huko India ilipewa alama ya watu wazima peke yao. Kwetu watafsiri hodari, mfano wa DJ Afro wa Kenya, wamezifanya picha hizi ziongee kama sisi, na mtoto wa miaka saba anazielewa neno kwa neno. Lugha ikishakuwa ya nyumbani, ulinzi nao lazima uwe wa nyumbani.

2. Tuangalie pamoja. Mzazi asimpe mtoto simu ili apate kupumzika. Akae naye, na rimoti iwe mkononi mwa mkubwa.

3. Tuulize. Picha ikisimama, kaka amwulize mdogo wake: huyu aliyeanguka alimkosea nini stelingi? Nani atawaambia wanawe? Ingekuwa kweli, hakimu angesema nini? Maswali matatu yanatosha.

4. Tusiuze Isha kwa picha. Mwenye saa mbili za stelingi hakosi nusu saa ya Qur'ani na nusu saa ya hesabu za shule.

5. Tutunge zetu. Vijana wetu wana simu zenye kamera nzuri na wana vipaji. Atokee mmoja apige picha ya dakika kumi juu ya mlinzi: anavyoondoka nyumbani, anavyokesha, anavyosikia mlio gizani, anavyorudi. Tunaamini watu wataitazama kwa pumzi moja, kwa sababu kila mmoja atakuwa anajua jina la anayemngojea mlangoni.

Tunamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu, awarudishe salama wazee wetu wanaokesha kwa ajili yetu, na azijaalie nyoyo za vijana wetu zipende haki bila ya kupoteza huruma. Aamin.